Simu haikusikilizi, inakutaja kwa namba

Shemeji yangu ana kesi na simu yake. Wiki mbili nyuma tulikuwa kwao Tabata tunakula usiku, akasema anataka mashine ya kufulia maana mgongo umemshinda na nguo za watoto, hakuandika popote, hakumtumia mtu meseji, alisema tu kwa mdomo huku anatoa mwiba kwenye samaki wa mtoto. Asubuhi anafungua Instagram, kitu cha kwanza ni mashine ya kufulia, kilo saba, unalipa kidogo kidogo. Akanipigia hata salamu hamna. "Shem, hii simu inanisikiliza."

Najua ukikaa kijiwe chochote cha kahawa mjini hapa ukatoa hii stori kila mtu ana ya kwake, mmoja aliongelea viatu vya shule, mwingine aliitaja tu Dodoma mara gesti za Dodoma zikaanza kumfuata. Mimi siamini hiyo habari ya kusikilizwa, na sio kwamba nawaamini sana hawa wenye makampuni, hapana, ni kwa sababu kusikiliza ni kazi ngumu na faida yake ndogo. Piga hesabu ya kawaida tu: kurusha sauti mchana kutwa kunakula bando, kunakula chaji, simu ingekuwa ya moto mfukoni kama chapati iliyotoka jikoni, na wa kwanza kushtuka ungekuwa wewe mwenye bando la buku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern kule Marekani walizipitia apu zaidi ya 17,000 za Android, matokeo wakatoa 2018, hawakukuta hata moja inayowasha maiki kimyakimya na kutuma mazungumzo ya mtu, walichokuta ni baadhi zinarekodi skrini na kuwatumia watu wengine, kitu ambacho ukiniuliza mimi ni kibaya vilevile ila hakina utamu wa kusimulia kijiweni.

Jumapili nikaenda nikamuuliza shem maswali mawili. La kwanza, mumeo, yaani mdogo wangu, aliwahi kutafuta mashine mtandaoni? Akacheka, tangu Jumatatu ile jamaa alikuwa anasachi bei kila usiku akiwa kitandani. La pili, wewe mwenyewe ulipita duka lolote? Alipita. Alishuka Kariakoo akaingia duka la vyombo vya umeme, akakaa karibu nusu saa anauliza bei, na lokesheni ilikuwa imewaka kwa sababu alikuwa ameita bodaboda kwa apu na hakuizima. Sasa weka pamoja. Simu mbili zinalala nyumba moja kila siku, zinatumia waifai moja, kwa mtu wa matangazo hao ni watu wa nyumba moja bila kuambiwa na mjumbe wa nyumba kumi, anachotafuta huyu anaonyeshwa na yule. Hapo sikio la nini? Anachohitaji ni kujua kwamba simu iliyokuwa Kariakoo mchana ndo hiyohiyo iliyopo Tabata usiku, na hilo analijua kwa namba.

Ila ziko namba nyingi ndani ya simu moja, na nionavyo mimi Bongo tunaiogopa ambayo siyo.

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba simu yake ina namba ya kuitambulisha anawaza IMEI. Hatumlaumu, IMEI tumefundishwa kwa kiboko. Juni 2016, usiku wa kuamkia tarehe 17, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu feki nchi nzima, na kabla ya hapo watu wote tulikuwa tunabonyeza *#06# na kutuma namba kwenda 15090 kusubiri jibu kama tunasubiri matokeo ya form four, wengine simu zao zililala zima zikaamka ni tochi tu. Tangu hapo hata bibi anaijua IMEI. Ukienda mtaa wa Agrey leo kununua simu iliyotumika fundi anayejua kazi haanzi na kamera, anabonyeza *#06#, zinatokea namba mbili kwa sababu laini mbili, anageuza boksi anasoma stika kwa ncha ya kidole tarakimu kwa tarakimu, zikipishana anakuangalia usoni kwanza kabla hajasema kitu. Zile tarakimu 15 zina mpangilio wake: nane za mwanzo zinasema ni toleo gani la simu, sita zinazofuata ni za simu hiyo yenyewe, ya mwisho ni ya kuhakiki hesabu, ndo maana ukikosea kuandika tarakimu moja mfumo unaishtukia. Na kuibadilisha ni kosa kwa sheria yetu ya mawasiliano ya 2010, fundi anayekwambia "nakuwekea IMEI mpya" anakuuzia kesi.

Sasa IMEI inamhusu nani? Inamhusu mtandao wako wa simu, TCRA, na polisi pale unapoibiwa ukaenda kituoni kuchukua RB. Simu ikiwekwa laini nyingine mtandao unaiona, hivyo ndo zinavyopatikana zile zinazopatikana. Lakini apu uliyoshusha jana ya kuhariri picha haiioni. Tangu Android 10 iliyotoka 2019 apu za kawaida zimefungiwa mlango huo, na kwa iPhone mlango ulifungwa zamani zaidi. Kwa hiyo kuna watu wanachekesha kidogo, wanapiga picha boksi la simu wanayouza, wanafuta stika ya IMEI kwa makini kabisa kabla ya kuposti kwenye grupu, wakati huohuo apu yao ya tochi inajua wanalala wapi.

Zamani haikuwa hivyo. Miaka ile ya mwanzo wa simu janja watu wa matangazo walikuwa wanabeba chochote wanachokikuta, IMEI yenyewe, namba ya kiwandani ya iPhone, anwani ya waifai (ile namba simu inayojitambulisha nayo kwenye waifai), na shida ya namba hizo ni kwamba hazibadiliki hata uifomati simu mara kumi, yaani aliyekujua 2011 anakujua mpaka simu ife. Kelele zikawa nyingi. Apple mwaka 2012 wakaleta namba maalumu ya matangazo, mwaka uliofuata wakaanza kukataa apu zinazochukua ile ya kiwandani, na Google nao 2013 wakaleta ya kwao. Wazo lilikuwa zuri: haya, nyie watu wa matangazo chukueni namba hii, ni ya kazi yenu, mwenye simu akichoka anaibadilisha. Tatizo ni kwamba mwenye simu hakuambiwa. Mimi nimetumia simu janja zaidi ya miaka mitano kabla sijajua kama ninayo, na mimi ndo ile aina ya mtu anayesoma maelezo ya dawa mpaka mwisho.

Hii ndo namba ninayotaka uijue. Ni mchanganyiko wa tarakimu na herufi 32 zilizogawanywa kwa vistari, haina jina lako, haina NIDA yako, haina hata namba ya simu, na kila apu ndani ya simu inaweza kuiomba na ikapewa ileile. Hapo penye "ileile" ndo pana kazi. Apu ya hali ya hewa inajua uko wapi ila haijui unapenda nini, apu ya mpira inajua wewe ni Yanga ila haijui unakaa wapi, gemu ya mtoto inajua simu inashikwa na mtoto saa kumi na mbili jioni, zote zinapeleka taarifa kwa madalali wa taarifa haohao zikiwa zimebandikwa namba moja, dalali anazipanga kama mtu anayepanga nyanya kwenye fungu, mwisho fungu linasimama.

Halafu linauzwa. Ukifungua apu yenye tangazo juu, ile nafasi ya tangazo inapigwa mnada palepale ndani ya sehemu ya sekunde, na ili wanunuzi wajue wanamnunua nani wanatumiwa maelezo: aina ya simu, lugha, mtandao, mara nyingi na mahali ulipo, na namba ya matangazo. Mnunuzi mmoja anashinda anaweka tangazo lake la mashine ya kufulia. Lakini wote walioshindwa nao wameshaona maelezo. Fikiria unaenda sokoni kuuza mbuzi, wateja hamsini wanamkagua, mmoja ananunua, na wale arobaini na tisa wanarudi nyumbani na picha ya mbuzi, umri wake, na njia anayopita kwenda malishoni. Wapo wanaoingia mnadani bila hata nia ya kununua.

Watakwambia haina jina. Hii hoja inaniudhi kuliko zote. Namba inayolala Tabata Segerea kila siku, asubuhi iko Posta ghorofa fulani, Ijumaa saa saba mchana iko msikiti fulani au Jumapili kanisa fulani, na Jumanne mbili mfululizo imekaa masaa mawili kwenye kliniki fulani, unahitaji jina la nini tena, mtaani kwenu hiyo namba ni mtu mmoja tu na mama muuza vitumbua anamjua.

Na haya sio mambo ya kufikirika. Novemba 2020 waandishi wa Motherboard waliripoti kwamba Muslim Pro, ile apu ya nyakati za sala na kibla iliyokuwa imeshushwa zaidi ya mara milioni 98 duniani, ilikuwa inapeleka taarifa za mahali walipo watumiaji kwa dalali anaitwa X-Mode, na X-Mode alikuwa na wateja wanaofanya kazi na jeshi la Marekani. Wenye apu walikana kwamba wao waliuza kwa jeshi, na wakavunja mkataba na huyo dalali, sawa, ila muumini aliyeishusha ili ajue magharibi inaingia saa ngapi alikuwa ameshasafiri mpaka huko. Januari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikampiga marufuku huyo dalali kuuza taarifa za sehemu nyeti. Mwaka 2021 padri mmoja mkubwa Marekani alijiuzulu baada ya chombo kimoja cha habari kupata taarifa "zisizo na majina" na kuifuata simu moja mpaka ikamfikia yeye. Na kabla ya hao wote, 2016, InMobi, kampuni ya matangazo iliyoanzia India, walikubali kulipa dola 950,000 kwa sababu walikuwa wanakisia watu wako wapi kwa kutumia majina ya waifai za jirani hata pale mtu aliponyima ruhusa ya lokesheni. Rudia kusoma hapo: alikataa, wakazunguka nyuma ya nyumba.

Ukitaka kujua hiyo namba ina thamani gani angalia kilichotokea Aprili 2021, Apple walipoleta kile kidirisha kinachouliza kama unairuhusu apu ikufuatilie kwenye apu na tovuti za wengine. Swali lenyewe fupi, kitufe kimoja cha kukataa. Watu wengi walikataa, na Februari 2022 Meta, wenye Facebook na Instagram, wenyewe wakasema mabadiliko hayo yatawagharimu kama dola bilioni 10 kwa mwaka ule. Bilioni kumi kwa swali ambalo tulikuwa hatujaulizwa. Sasa nani atakwambia ile namba haina maana?

Nilichomfanyia shem kilichukua muda mfupi kuliko chai kupoa. Kwenye Android unaingia setingi, Google, Matangazo, halafu unakutana na "futa kitambulisho cha matangazo", kwenye simu nyingine kimejificha upande wa faragha lakini ukiandika "matangazo" kwenye kisanduku cha kutafutia cha setingi kinajileta. Ukishafuta, apu ikiomba namba inapewa sifuri tupu mstari mzima, napenda sana hilo, ni kama mtu anakuuliza jina unamjibu "mimi". Simu za zamani kidogo, na huku kwetu ndo nyingi, zinakupa kubadilisha tu, inazaliwa namba mpya, hiyo nayo si haba, fanya kila mwezi siku unayolipa umeme. Kwa iPhone ni setingi, faragha na usalama, ufuatiliaji, unazima kile kitufe cha kuruhusu apu ziombe, basi hazitauliza tena na jibu litakuwa hapana.

Nilikaa pale na simu mkononi nikasema ngoja niangalie na ruhusa. Apu ya kusafisha simu, ambayo kwanza hata haisafishi kitu, ilikuwa na lokesheni ya muda wote. Gemu ya kupanga pipi ilikuwa na namba za watu wote. Kikokotoo kilikuwa na maiki! Shem akaruka, "si unaona, nilikwambia", na kwa kweli hapo sikuwa na la kusema, nilizima tu. Lokesheni niliacha kwa ramani na ya bodaboda peke yake, tena "wakati inatumika", na hizo nyingine ambazo zinalia bila lokesheni nikazipa ile ya kukadiria, ipo kuanzia Android 12 na iOS 14, apu inajua uko upande wa Tabata ila haijui geti lako.

Anwani ya waifai siongei sana kwa sababu hiyo imetengenezwa karibu yote bila sisi kufanya kazi, tangu Android 10 na iOS 14 simu inajitungia anwani tofauti kwa kila waifai, ukikaa waifai ya bure Mlimani City na ukienda ya kazini unaonekana vifaa viwili. Usiiguse tu ile setingi.

Na VPN, maana najua kuna mtu ameshaanza kuandika "mimi natumia VPN". VPN inabadilisha njia, haibadilishi mtoa taarifa. Inaficha anwani ya intaneti unayotokea, na kwa sisi tunaotumia data ya simu anwani yenyewe mara nyingi tunachangia watu wengi pamoja, haikuwa inakutaja vizuri tangu mwanzo. Apu ikishakuwa ndani ya simu yako na namba yako ya matangazo na lokesheni ya GPS, VPN ni sawa na kuvaa miwani nyeusi huku umebeba bango lenye jina lako. Zile za bure ndo usiniambie kabisa, mtu anakubebea bando lote la siku nzima kwa upendo wa nini? Tena TCRA Oktoba 2023 walitoa tangazo la kutaka wanaotumia VPN wazitolee taarifa, kwa hiyo unajiongezea mzigo kwa kitu ambacho hata tatizo lenyewe hakilitibu.

Mpaka hapa unaweza kudhani nimemaliza, umefuta namba, umenyima ruhusa, kalale. Ndo nilivyodhani mimi. Lakini kufuta kunapunguza, hakumalizi. Juni 2025 watafiti wa Hispania, Uholanzi na Ubelgiji walionyesha kwamba apu za Facebook na Instagram kwenye Android zilikuwa zinafungua kijimlango cha siri ndani ya simu na kupokea humo taarifa kutoka kwenye brauza, kwa hiyo tovuti uliyoitembelea, hata ukiwa umeingia kwa ile hali fiche, ilikuwa inaunganishwa na akaunti yako yenye jina lako na picha ya harusi. Yandex wa Urusi walikuwa na mchezo wa aina hiyo miaka mingi. Meta waliacha siku ileile habari ilipotoka, ila fikiria, mtu alikuwa amefuta kila kitu na anaona yuko salama. Ukiacha hilo, kuna kukisia kwa maumbile: toleo la simu, ukubwa wa skrini, lugha, saa za eneo, kiasi cha hifadhi, ukivichanganya vya kutosha vinakaribia kuwa alama ya kidole.

Na kuna namba moja ambayo hakuna setingi ya kuifuta, na kwa Tanzania hiyo ndo mama yao wote. 07 ngapi.

Namba yetu ya simu sio kama ya wenzetu. Hapa laini imefungwa na kidole. Tulipanga foleni kwa NIDA, tukaweka dole gumba kwenye kile kimashine, tarehe ya mwisho ikasogezwa kutoka Desemba 2019 mpaka Januari 20, 2020, halafu ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Kuna faida, matapeli wa "tuma kwa namba hii" angalau wanatafutika, na ukibonyeza *106# unaweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, fanya leo, unaweza kukuta ndugu usiyemjua. Lakini matokeo yake ni kwamba namba moja ndo jina lako, ndo pochi yako, ndo WhatsApp yako, ndo unayowekewa msimbo wa benki, na hatuibadilishi, mtu anahama nyumba, anahama kazi, anaachana na mchumba, namba anabaki nayo miaka kumi na tano kwa sababu wateja wanaijua.

Halafu namba hiyohiyo tunaigawa kama karanga. Facebook wana huduma kwa wafanyabiashara, mwenye duka anapakia orodha ya namba za wateja wake, mfumo unazichakata kuwa maandishi yasiyosomeka, unalinganisha na akaunti zilizopo, wanaopatikana wanaonyeshwa tangazo. Ni huduma halali, ya siku nyingi, mtu yeyote mwenye duka anaweza. Kwa hiyo lile duka la Kariakoo, pale ambapo shem alisimama nusu saa, nikamuuliza, hivi uliacha namba? "Waliniandika, walisema wakishusha mzigo watanipigia." Mimi Jumapili ile nilikuwa nimejisifu kwa kufuta tarakimu 32, kumbe aliacha kumi kwenye daftari la muuzaji.

Mikopo ya mtandaoni ilitufundisha hili kwa uchungu. Mimi mwaka juzi nilipigiwa simu na dada mwenye sauti ya kukaripia ananiambia nimwambie fulani alipe deni, huyo fulani ni fundi bomba aliyewahi kunitengenezea sinki mara moja, namba yangu ilikuwa kwenye simu yake tu, apu iliomba ruhusa ya namba za watu naye akabonyeza ndiyo kwa sababu alikuwa anataka elfu hamsini ya kumpeleka mtoto hospitali. Sikukopa, sikusaini, sijawahi kuishusha hiyo apu, na bado taarifa yangu ilikuwa imeshachukuliwa kupitia mlango wa mtu mwingine. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na apu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila kibali, na kilio kikubwa kilikuwa hikihiki cha kudhalilishana na kutumia namba za ndugu. Setingi zangu mimi zilikuwa safi. Haikunisaidia chochote.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, ipo na Tume yake ambayo Rais Samia aliizindua Aprili 2024 na inapokea malalamiko. Inasema taarifa ikusanywe kwa sababu inayojulikana na isitumike kwa jambo lingine, na mwenye taarifa ana haki ya kuuliza na kukataa, na taarifa za kibiashara za kukusumbua unaweza kuzikataa. Nionavyo mimi kwenye karatasi iko vizuri tu. Ila mtu anaifikiria kama ni sheria ya makampuni makubwa ya nje, hakuna anayemfikiria muuzaji mwenye daftari, wala sakosi, wala shule inayobandika namba za wazazi ukutani, na mimi ningeanza na hao, kwa sababu ile ya matangazo angalau kuna kitufe.

Jumatano nilikuwa na shughuli kwenye jengo moja pale Posta. Getini mlinzi, kijana mstaarabu kabisa, kanisogezea lile daftari kubwa la kaunta: jina, unapotoka, unamuona nani, aina ya kitambulisho na namba yake, namba ya simu, saa ya kuingia, sahihi. Juu ya mstari wangu palikuwa na watu kumi na saba wa asubuhi ile, majina matatu matatu na namba zao, mmoja alikuwa ameenda ofisi ya wakili, mwingine kwa daktari wa ghorofa ya nne. Nimewasoma wote wakati natafuta kalamu. Nikamuuliza mlinzi, kaka, hili daftari likijaa linaenda wapi? Akafikiria kidogo. "Yapo tu hapo chini bosi, mengine mama wa karanga huwa anakuja kuyaomba."

Kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi mfupi, ilibidi niiname. Nikaandika.